Muuguzi akipigwa zamuni, shauri lisiishie ofisini kwa mganga mfawidhi

Saa nane usiku, kituo cha afya pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Bodaboda ameanguka barabara ya Singida, kaletwa na wenzake watano na wote wanafoka. Muuguzi yuko peke yake. Anawaomba watoke nje afunge kidonda. Mmoja anamnasa kofi, miwani inarukia chini ya kitanda. Asubuhi wanaitwa kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, kijana anaomba radhi, wanapeana mikono. Yameisha.

Mfano huu nimeuunga kutokana na mengi ninayosimuliwa ninapofundisha watumishi wa afya sheria hapa Kanda ya Kati. Kofi lenyewe halinishangazi sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupatwa na ukatili wa kimwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Kinachonikera ni hilo neno "yameisha".

Kofi ni jinai. Katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, toleo la 2022, kifungu cha 240 kinahusu shambulio la kawaida, na adhabu yake ni hadi mwaka 1 jela. Likiacha jeraha, tunahamia kifungu cha 241, hadi miaka 5. Madhara makubwa, tuseme mfupa umevunjika au jicho limeharibika moja kwa moja, ni kifungu cha 225, hadi miaka 7. Kisha kuna cha 243, ambacho wengi wanadhani ni cha polisi tu. Kinamgusa pia anayempiga mtu kwa sababu ya jambo alilolitenda akitekeleza wajibu aliopewa na sheria. Kwa maoni yangu, muuguzi wa serikali aliye zamuni anaingia humo, na waendesha mashtaka wangekitumia zaidi. (Namba za vifungu huhama sheria zinapofanyiwa urekebu, kwa hiyo angalia toleo ulilonalo.)

Sisemi watu wasisameheane. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 163, inairuhusu mahakama kuhimiza upatanishi katika shambulio la kawaida. Lakini inayohimiza hapo ni mahakama, shauri likiwa tayari mbele yake. Mganga mfawidhi si hakimu. Tena muuguzi anayeketi mbele ya bosi wake na kuambiwa "tuyamalize hapa hapa" hana uhuru mkubwa wa kukataa.

Mashauri haya hufia kwenye makaratasi. Muuguzi huyu huyu anashika PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, za wengine kila siku, lakini yake mwenyewe anaona aibu kwenda kuiomba polisi. Anafua sare yenye damu, anarudi kazini, na baada ya wiki uvimbe umekwisha. Daktari ataandika nini? Toa taarifa polisi siku hiyo hiyo, chukua namba ya RB (namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi), upimwe, fomu ijazwe. Kama hali ni ya dharura, tiba kwanza. Andika kwenye kitabu cha zamu nani alikuwepo. Miwani iliyovunjika usiitupe, ni kielelezo, na anayeivunja makusudi ana kosa jingine la kuharibu mali.

Kuna njia ya pili isiyotegemea kesi kabisa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inampa haki aliyeumia kutokana na kazi yake, wa serikali na wa binafsi, bila kuuliza nani mkosaji. Mweleze mwajiri mapema, naye aupe taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya siku 7. Ukikaa kimya miezi 12, haki yenyewe inapotea.

Njia hii ina maana ya pekee kwa wanaohudumia wagonjwa wa akili, kama wenzetu wa Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma. Mgonjwa ambaye maradhi yamemfanya asielewe anachotenda hahesabiwi kosa la jinai, na ni haki iwe hivyo. Ila mkono wa muuguzi ukiteguka umeteguka, na fidia yake haipungui kwa sababu aliyemuumiza hana hatia.

Mwajiri naye hajavuliwa mzigo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka aweke mazingira salama. Zahanati ya kijijini Chamwino au Bahi haihitaji mitambo. Taa inayowaka nje, komeo imara na mlinzi aliye macho ni mwanzo mzuri.

Na wewe uliyemleta mgonjwa, umekaa saa tatu hujahudumiwa, hasira yako naielewa. Muulize mganga mfawidhi, au afisa ustawi wa jamii wa kituo. Kama unaona muuguzi kakiuka maadili, Baraza la Uuguzi na Ukunga linapokea malalamiko. Kwa daktari ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Nenda na jina, tarehe na saa.