Walimu sita wa fizikia: dhana potofu kuhusu kozi za vyuo vidogo vya sanaa huria Marekani

Mpwa wangu alinipigia simu usiku, katalogi ya kozi ikiwa wazi mbele yake. Amepata nafasi katika chuo kidogo cha sanaa huria nchini Marekani, anataka kusoma fizikia, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mjomba, nimehesabu. Walimu wa fizikia ni sita tu. Kozi zote ishirini na nne. Hiki ni chuo kweli?"

Nilimwomba asifunge ukurasa. Nikawasha kompyuta yangu, tukaisoma katalogi pamoja, mstari kwa mstari, hadi saa saba za usiku. Mengi aliyokuwa akiyaamini nimeyasikia pia kwa wazazi, kwa walimu wa sekondari na hata kwa watu wenye uzamili, na yanawakosesha vijana nafasi nzuri. Ndiyo maana nayaandika.

"Sanaa huria ni uchoraji, muziki na maigizo"

Neno "sanaa" ndilo linalopotosha. Asili ya jina ni Kilatini, artes liberales, yaani elimu iliyomstahili mtu huru, asiye mtumwa. Katika vyuo vya Ulaya ya zama za kati masomo hayo yalikuwa saba: sarufi, mantiki na balagha, kisha hesabu, jiometri, falaki na muziki. Hesabu imo tangu mwanzo. Na hiyo "huria" haihusiani na siasa za vyama. Chuo cha watawa wa Kikatoliki kinaweza kuwa cha sanaa huria sawasawa na kisicho na dini.

Jina la shahada nalo huchanganya. Vyuo vya Amherst na Williams, kwa mfano, humpa kila mhitimu shahada ya kwanza ya sanaa, awe amesoma falsafa au kemia. Ukiona neno hilo kwenye cheti cha mwanafizikia, usidhani alikwepa maabara.

Mfano ninaoupenda ni wa Wangari Maathai. Mwaka 1960 alikwenda Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wanawake kilichoendeshwa na masista Wabenediktini huko Atchison, Kansas. Somo lake kuu lilikuwa biolojia, na pembeni akasoma kemia na Kijerumani. Alihitimu mwaka 1964, akafanya uzamili Pittsburgh, kisha akaenda Ujerumani kwa utafiti wa uzamivu, shahada aliyoipata Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971. Mwanabiolojia anayejua Kijerumani: huko ndiko kusoma sanaa huria, na hakuna brashi wala ngoma ndani yake.

"Kozi chache, elimu finyu"

Hapa ndipo mpwa wangu alipokwama, na hapa ndipo panapohitaji hesabu ya taratibu.

Chuo kikuu kikubwa kinaweza kuwa na maelfu ya kozi. Lakini mwanafunzi mmoja husoma ngapi? Amherst hudai kozi 32 ili uhitimu. Williams ni 32 pia, pamoja na kozi nne fupi za mwezi Januari. Swarthmore ni krediti 32. Kwa hiyo katalogi iwe na kozi mia sita au elfu nne, wewe utaketi kwenye kozi thelathini na kitu, na kati ya hizo kama theluthi ndizo za somo lako kuu. Mpwa wangu alikuwa analia kwa sababu ya kozi 24 za fizikia, wakati yeye mwenyewe angesoma kumi au kumi na mbili.

Swali lenye maana, basi, ni hizo kumi na mbili zinafundishwaje na ni nani anayezifundisha. Kwa kuwa vyuo hivi karibu vyote havina wanafunzi wa uzamivu, mwalimu anayeingia darasani ni profesa mwenyewe, na ndiye atakayesahihisha karatasi yako. Maabara nayo ina mikono yenu tu. Kazi ya utafiti ambayo kwingine angepewa mtu wa uzamivu, hapa anapewa kijana wa mwaka wa pili. Thomas Cech alisoma kemia Grinnell, akahitimu 1970. Jennifer Doudna alihitimu Pomona mwaka 1985. Wote wawili wana Tuzo ya Nobel ya Kemia, Cech ya 1989 na Doudna ya 2020. Wasingefika huko kama msingi waliopewa ungekuwa finyu.

Nimwelezee msomaji kozi moja kwa karibu, kwa sababu katalogi huitaja kwa mstari mmoja na wengi huipita. Williams wana kozi za aina ya tutoria. Darasa ni wanafunzi wawili na profesa. Wiki hii mmoja anaandika insha ya kurasa kadhaa na kuisoma. Mwenzake amekwisha kuipitia na ameandika uhakiki wake. Profesa anasikiliza, anauliza, mara nyingi ananyamaza awaache wabishane. Wiki ijayo wanabadilishana. Hakuna safu ya nyuma ya kujifichia, na ukija hujasoma, mtu wa kwanza kuumia ni mwenzako. Anayeona neno "kozi chache" na kufikiri "kozi nyepesi" angekaa kwenye chumba hicho wiki mbili tu. Reed kila mwanafunzi huandika tasnifu kabla ya kuhitimu. Swarthmore, tangu 1922, wanafunzi wa programu ya heshima (honors) hutahiniwa na wasomi wanaoalikwa kutoka nje ya chuo, kwa maandishi na kwa mdomo.

Kisha kuna jambo ambalo katalogi ya chuo kimoja haiwezi kulionyesha: majirani. Haverford na Bryn Mawr wanashirikiana kiasi kwamba mwanafunzi wa kimoja anaweza kuchukua somo kuu katika kingine. Claremont, California, vyuo vitano vya shahada ya kwanza vimepakana, unatoka darasa la Pomona unatembea kwa miguu hadi la Harvey Mudd. Wanafunzi wa Wellesley husajili kozi MIT, Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Huko Massachusetts, Amherst, Smith na Mount Holyoke wako katika umoja mmoja na Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichopo mji wa Amherst, mabasi yanapita kati yao, na kupitia umoja huo Kiswahili nacho kimekuwa miongoni mwa lugha zinazofundishwa. Unapopima upana wa kozi, pima pamoja na hao.

Sitaficha upande wa pili. Kijana aliyefika chuoni akiwa ameshamaliza kalkulasi yote na aljebra ya mstari anaweza kuzimaliza kozi za juu za hisabati kabla ya mwaka wa nne, na hapo hakuna darasa la uzamili la kumpokea. Dawa iliyopo ni kusoma peke yako chini ya profesa mmoja, au kwenda kwa jirani, na dawa hiyo inategemea profesa ana nafasi na jirani yuko umbali gani. Kama chuo kiko mbali na kila kitu, swali hili liulizwe mapema.

"Hakuna uhandisi, na daktari hatoki huko"

Uhandisi upo katika baadhi: Swarthmore, Lafayette, Harvey Mudd, na Smith, chuo cha wanawake kilichoanzisha programu yake mwaka 1999. Vingine vina mpango wa miaka mitatu hapo na miwili katika chuo kikuu chenye uhandisi, unatoka na shahada mbili. Mpango huo unavutia, ila muulize mhusika nani atalipa miaka miwili ya mwisho, maana ufadhili wa chuo cha kwanza kwa kawaida haukufuati. Na Reed, chuo kisichofundisha uhandisi, kina mtambo wa nyuklia wa utafiti unaoendeshwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza waliofaulu mtihani wa leseni ya serikali kuu, wakiwemo ambao somo lao kuu si fizikia. Kwa upande mwingine, uuguzi, famasia na uhasibu wa kitaaluma havipatikani katika vingi. Anayetaka hivyo aende vinakofundishwa.

Udaktari ni suala jingine kabisa. Marekani mtu huingia shule ya udaktari baada ya shahada ya kwanza, na "maandalizi ya udaktari" ni orodha tu ya kozi anazotakiwa awe nazo: biolojia, kemia ya jumla na ya kikaboni, fizikia na nyinginezo. Somo kuu lako linaweza kuwa lolote. Harold Varmus alihitimu Amherst mwaka 1961 katika fasihi ya Kiingereza, akaongeza shahada ya pili ya fasihi Harvard, ndipo akasoma udaktari Columbia. Mwaka 1989 alipata Nobel ya Tiba. Lakini mzazi wa mwanafunzi wa kigeni ajue hili kabla ya kuuza chochote: shule nyingi za udaktari za Marekani hazipokei waombaji wasio raia au wakazi wa kudumu, na zinazopokea huchukua wachache mno. Hilo si kosa la chuo kidogo, kikubwa kina ukuta uleule.

"Unasoma chochote unachotaka"

Inategemea chuo, na tofauti ni kubwa. Amherst, ukiacha semina moja ya mwaka wa kwanza na masharti ya somo kuu, huamuliwi chochote. St. John's, chenye kampasi Annapolis na Santa Fe, ni kinyume chake: tangu 1937 wote husoma mpango mmoja, hakuna somo kuu, kila mtu anapitia jiometri ya Euklidi na Kigiriki cha kale. Colorado College tangu 1970 husoma kozi moja kwa wakati mmoja, wiki tatu na nusu, kisha inayofuata. Vingi vilivyobaki viko katikati: kozi kadhaa za sayansi, kadhaa za jamii, lugha, uandishi, halafu somo kuu unalitangaza mwishoni mwa mwaka wa pili. Kusema "vyuo vya sanaa huria" kana kwamba ni kimoja ni kumwongoza mtoto gizani.

"Kilichomo kwenye katalogi kinafundishwa"

Hii ndiyo dhana inayouma zaidi kuliko zote, kwa sababu anayeiamini hugundua ukweli akiwa tayari mwaka wa tatu.

Katalogi ni orodha ya kozi ambazo chuo kimeidhinisha. Ratiba ya muhula ni kitu kingine. Idara yenye walimu sita haiwezi kufundisha kozi 24 kwa mkupuo, kwa hiyo kozi za juu huzungushwa: nyingine kila mwaka, nyingine mwaka mmoja ndiyo na mwaka mmoja hapana. Walimu nao huchukua likizo ya utafiti, kwa desturi ya zamani kila mwaka wa saba, siku hizi pengine mapema zaidi. Pale ambapo kuna mtaalamu mmoja wa uwanja fulani, akienda likizo, uwanja mzima unaondoka naye.

Tulipofungua ratiba, mpwa wangu alikuta kozi tisa tu za fizikia muhula huo. Alinyamaza. Nikamwambia atafute ile anayoitaka kuliko zote, mekanika ya kwantamu. Chini ya maelezo kulikuwa na mstari wa herufi ndogo: muhula wa vuli (wa kwanza wa mwaka wa masomo), miaka shufwa, masharti ya awali, kozi mbili za fizikia na kalkulasi ya tatu, nafasi kumi na sita.

Tukachukua karatasi. Anaanza vuli ya 2026, mwaka shufwa, lakini hana hata sharti moja la awali. Vuli ya 2027 haifundishwi. Vuli ya 2028 yuko mwaka wa tatu, amekamilisha masharti, nafasi ndiyo hiyo. Vuli ya 2029 haifundishwi, na baada yake anahitimu. Kwa hiyo katika miaka minne ana mlango mmoja tu. Na mwaka wa tatu ndio ambao wenzake wengi huenda kusoma muhula nchi nyingine, jambo analolitamani tangu utotoni. Tukaandika: vuli 2028 abaki chuoni, safari iwe muhula wa machipuko 2029. Akaipigia mstari mara mbili.

Kisha nikamshauri afanye kitu ambacho katika chuo kikubwa kingekuwa cha bahati nasibu: amwandikie barua pepe mkuu wa idara, bila kuomba radhi kwa kuuliza, na amuulize ni kozi zipi zimefundishwa kweli katika miaka minne iliyopita, na nani anatarajia likizo.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, refu, likiwa na jedwali. Mkuu wa idara alimshukuru kwa swali, akamweleza kwamba mwalimu wa kwantamu anatarajia kuwa likizo vuli ya 2028, hivyo wanapanga kuisogeza kozi hadi machipuko 2029. Mpwa wangu alinisomea hilo kwa simu, safari hii sauti ikiwa juu, huku nikisikia kalamu yake ikifuta: safari vuli, kwantamu machipuko.