PSAT mapema? Niambie kwanza mtoto anasoma hesabu gani

Mzazi aliyesomea Tanzania au Kenya akisikia mtihani wa majaribio, anawaza jambo moja: matokeo yanabandikwa ukutani, mtoto anapangiwa nafasi, na nyumbani kunakuwa na kesi. Ndiyo maana wazazi wengi wa kwetu huku Marekani wanaingiwa na hofu mtoto anaporudi na karatasi ya PSAT, mtihani wa majaribio wa SAT, ule wa kuombea nafasi chuoni. Mimi ni mshauri wa wanafunzi katika shule ya sekondari, na naulizwa sana: aufanye akiwa darasa la 9 au la 10, au asubiri la 11?

PSAT ziko tatu, zote za College Board, wenye SAT yenyewe. PSAT 8/9 ni ya darasa la 8 na la 9. PSAT 10 ni ya darasa la 10, na hufanyika baada ya baridi kuisha. PSAT/NMSQT hufanyika Oktoba kwa darasa la 11, ingawa shule nyingi huwaruhusu na wa darasa la 10. Siku hizi zote ni za kompyuta na huchukua saa 2 na dakika 14: kwanza kusoma na kuandika, kisha hesabu. Kila sehemu ina vipande viwili. Kompyuta huangalia mtoto alivyojibu kipande cha kwanza, ndipo inaamua impe cha pili kigumu au chepesi.

Kwa sababu hiyo umri si kitu cha kwanza ninachouliza. Sehemu kubwa ya hesabu za PSAT ni aljebra. Mtoto ambaye ndiyo kwanza ameanza Aljebra ya Kwanza atakutana na mambo ambayo mwalimu hajayagusa, atabahatisha, atapewa kipande cha pili chepesi, na ripoti itakueleza jambo ambalo mwalimu wake angekuambia bure: hajafundishwa bado. Huyo namwambia asubiri mwaka mmoja. Aliyekwisha kumaliza Aljebra ya Kwanza na yuko kwenye jiometri, afanye akiwa darasa la 10, tena bila wasiwasi. Darasa la 8 sioni haja, isipokuwa shule iwe imeupanga kwa wote, na hapo usimzuie.

Sasa alama, maana hapa ndipo ninapoona watoto wakiumizwa. SAT ni kati ya 400 na 1600, PSAT 10 na PSAT/NMSQT kati ya 320 na 1520, PSAT 8/9 kati ya 240 na 1440. Zote ziko kwenye kipimo kimoja: 480 ya hesabu kwenye PSAT ina uzito uleule wa 480 ya SAT. Lakini kiwango kinachotarajiwa hupanda na darasa. Kwenye hesabu ni 450 kwa darasa la 9, 480 kwa la 10, 510 kwa la 11, na 530 kwenye SAT. Kwa hiyo binti wa darasa la 9 aliyepata 870, yaani 420 ya kusoma na 450 ya hesabu, yuko pale anapotakiwa kuwa. Mzazi anayegawanya 870 kwa 1440 ili apate asilimia, halafu akasema mtoto ameshindwa, anamvunja moyo bila kosa. Hakuna kufaulu wala kufeli hapa, na vyuo havitumiwi alama hizi. Kama unajijua kwamba namba ikishuka utamlinganisha na binamu yake, nakusihi usimwandikishe mapema.

Jambo moja halina mjadala: darasa la 11 asikose. Kwa anayesoma sekondari miaka minne ya kawaida, PSAT ya Oktoba ya mwaka huo ndiyo pekee inayomwingiza kwenye mashindano ya National Merit, ya kugombea ufadhili wa masomo ya chuo. Alama za darasa la 10, hata zikiwa za juu namna gani, hazihesabiwi. Na kwenye mashindano hayo alama ya kusoma na kuandika huhesabiwa mara mbili, ya hesabu mara moja. Mtoto mwenye nguvu ya hesabu tu aanze kusoma vitabu tangu sasa.

Baada ya mtihani, mwanafunzi aliyekubali kuwasiliana na vyuo ataanza kupokea barua nzuri zenye picha. Hizo ni matangazo. Hajakubaliwa popote.

Kwa familia zilizofika karibuni, kutoka kambi za Kigoma au kutoka Bukavu, kuna msaada ambao wengi hawaambiwi. Mwanafunzi anayetambuliwa na shule kuwa bado anajifunza Kiingereza anaweza kupewa muda wa nusu zaidi, na kutumia kamusi ya neno kwa neno iliyoidhinishwa. Msaada huo hupitia shuleni, kwa hiyo mzazi aulize Agosti, shule zinapofungua, kwa sababu usajili nao hupitia shuleni na kila shule ina tarehe yake ya mwisho. Na kabla ya kumwandikisha, mketishe Jumamosi moja afanye jaribio kamili kwenye Bluebook, programu ileile ya mtihani, ambayo ni ya bure. Akikwama kwenye lugha kuliko kwenye hesabu, utakuwa umejua cha kumwambia mshauri wa shule.