Simu imeleta hilo neno, haina maana linafaa: Kihispania na maneno ya heshima

Hapa Kigoma wengi wanaoniletea kazi ya Kihispania ni vikundi vinavyowaandikia wafadhili wa Hispania, na karibu kila barua nakutana na neno minusválido, wakimaanisha mtu mwenye ulemavu. Nikiuliza naambiwa simu imeleta hilo na kwenye kamusi lipo, kwa hiyo liko sawa. Jamani haliko sawa! Kamusi inaandika maneno yanayotumika, hata matusi yamo humo, haikwambii lipi utamwita mtu akiwa mbele yako. Minusválido ukilipasua unapata mtu asiyefaa sana, sasa unaombea mtoto baiskeli ya magurudumu matatu huku umeshamshusha thamani kwenye mstari wa kwanza. Wahispania wenyewe wameliona hili, Katiba yao ya 1978 kifungu cha 49 kilikuwa kinasema disminuidos, yaani waliopungua, mwaka 2024 wakabadilisha sasa kinasema personas con discapacidad, yaani watu wenye ulemavu. Ndivyo ulivyo pia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa haki za watu wenye ulemavu kwa Kihispania, kwa hiyo andika hivyo barua iwe inaenda Madrid au Lima. Mtu anatangulia, hali yake inafuata. Na sisi mkoa huu ndo tungepaswa kuelewa haraka, pale Kabanga, Kasulu, watoto wenye ualbino wamewahi kuhifadhiwa ili wasidhuriwe, halafu mtu ananiletea karatasi imeandikwa los albinos kama anataja aina ya samaki. Andika las personas con albinismo, ni maneno mawili tu yanaongezeka.

Wengine wanakimbilia capacidades diferentes wakidhani ndo lenye adabu zaidi. Hapana, kila mtu ana uwezo tofauti na mwenzake, hapo umeficha jambo lenyewe na wengi wanaoitwa hivyo hawalipendi.

Eti sordomudo ni kiziwi. Hilo linamwita bubu wakati ana lugha yake ya alama, andika persona sorda basi.

Eti VIH na sida ni kitu kimoja. Mbona VVU na UKIMWI unavitofautisha? Persona con VIH, na sidoso usiliguse kabisa, ni tusi.

Eti Kihispania ni kimoja kila mahali. Coger el tren Hispania ni kupanda treni, ila ukisema coger Mexico au Argentina umetamka neno chafu la chumbani, tumia tomar, kote salama.

Kwa hiyo ukileta kazi niambie inaenda nchi gani, na kama anayetajwa yupo karibu muulize kwanza anapenda aitweje.