Graziani na kikanisa cha Mai Mahiu

Kila nikipeleka wanafunzi Naivasha kwa barabara ya chini, tukifika kwenye kile kikanisa cha Mai Mahiu lazima mmoja aseme: "Mwalimu, Waitaliano hawakuwa watu wa vita. Walikuwa mafundi tu." Juzi nimeisikia tena. Leo najibu kwa maandishi.

Ni kweli mateka wa Kiitaliano walikijenga mwaka 1942. Lakini msiwasome Waitaliano kwa kikanisa hicho. Msomeni Rodolfo Graziani, jemadari wa Italia ya Kifashisti.

Wanaomjua humjua kwa Misri: Septemba 1940 alifika Sidi Barrani akatua, Desemba Waingereza wakamshambulia, na kufikia Februari 1941 askari wake wapatao 130,000 walikuwa mateka. Basi, wanasema, jemadari wa kuchekwa. Walibya hawamcheki. Mwaka 1930 aliwaondoa watu wapatao 100,000 Jebel Akhdar, milima ya mashariki mwa Libya, akawafungia kambini jangwani, kisha akavuta seng'enge ya kilomita 270 mpakani mwa Misri ili Omar Mukhtar, kiongozi wa upinzani wa Walibya, asipate risasi wala chakula. Mzee huyo alinyongwa Soluch, 16 Septemba 1931, watu wake wakilazimishwa kutazama. Ogaden, mashariki mwa Ethiopia, ikafuata, kwa ndege na gesi ya haradali.

Addis Ababa ndipo ninapositasita. Tarehe 19 Februari 1937 alirushiwa mabomu ya mkono, akakimbizwa hospitali. Mauaji yaliyofuata, siku tatu za Mashati Meusi, wanamgambo wa Kifashisti, kuchoma nyumba na watu ndani, yanahusishwa na amri ya Guido Cortese, mkuu wa chama cha Kifashisti mjini. Je, damu ile ni ya Graziani moja kwa moja? Kama Makamu wa Mfalme, mtawala wa Italia huko Ethiopia, ndiyo. Kwa amri ya jioni ile, sina uhakika. Ethiopia ilihesabu wafu 30,000, Waitaliano walihesabu mia kadhaa tu. Vitabu vya shule huchagua moja na kunyamaza. Mimi huziandika zote mbili ubaoni.

Kuhusu Debre Libanos, monasteri ya Ethiopia, hakuna cha kusitasita. Mei hiyo alimpigia telegramu Jenerali Maletti: watawa wote wapigwe risasi bila kubagua, naibu mkuu wa monasteri akiwamo. Taarifa za Waitaliano wenyewe zinakiri watu 449, wakiwamo mashemasi 129. Waliohoji wenyeji baadaye wanakadiria kati ya 1,400 na 2,000.

Mwaka 1950 mahakama ya Italia ilimpa miaka 19, kwa kosa la kushirikiana na Wajerumani. Ethiopia haikuwamo katika mashtaka. Akatoka baada ya miezi michache. Mwaka 2012, kule Affile, mji wa Italia, ulizinduliwa mnara wa kumbukumbu yake uliojengwa kwa pesa za umma.