Bogenvilia ukiidekeza, itakupa majani

Malalamiko ninayoyasikia zaidi hapa kitaluni Nakuru si ya bogenvilia kufa. Ni ya bogenvilia kunenepa: imepanda hadi kwenye mabati, majani yanang'aa, lakini ua hata moja hakuna. Nikiuliza inatunzwaje, jibu ni lilelile: samadi ya kuku na maji kila jioni. Basi hapo umeshajua. Nitrojeni nyingi na udongo usiokauka huufanya mmea ukazane kurefusha matawi; kiu ndiyo inayousukuma kuchanua. Zile za fensi za Milimani, ambazo hakuna anayezikumbuka kwa ndoo, huchachamaa kwa rangi kiangazi cha Januari na Februari, nyasi zikiwa zimekauka.

Kwa hiyo ipe jua kali, saa 6 kwa siku au zaidi, acha samadi, na umwagilie tu kidole kikiingia udongoni kikatoka kikavu. Mche mchanga ndio wa kuhurumiwa, tena mwaka wa kwanza tu. Maua yakishapukutika, pogoa bila huruma, maana yajayo yatatoka kwenye machipukizi mapya. Vaa glavu nzito, miiba yake haina adabu.

Na hiyo rangi unayoisifu si maua. Ni majani yaliyogeuka rangi, ndiyo sababu hudumu wiki nyingi bila kunyauka. Maua yenyewe ni yale madogo meupe, matatu matatu, yaliyojificha katikati.

Kuzalisha miche ndiko kunakowashinda wengi. Tafuta tawi lililokomaa, gumu, lenye unene wa penseli au kuzidi kidogo; ncha laini za kijani zitaoza. Kata vipande vya sentimita 15 hadi 20. Upande wa chini kata mshazari, chini kidogo ya kifundo, yaani pale jani linapotokea, na juu kata mlalo kabisa, usije ukapanda kichwa chini miguu juu. (Hutokea, na wenyewe hawasemi.) Ondoa majani yote, chovya sehemu ya chini kwenye unga wa homoni ya mizizi, kisha chomeka hadi vifundo viwili vizame. Mkebe wa rangi uliotobolewa chini unatosha. Ndani tia mchanga wa mto na yale mawe mepesi ya volkeno yaliyopondwa, ambayo sisi wa Bonde la Ufa hatuyakosi. Samadi isiingie kabisa. Weka kwenye kivuli chepesi, mchanga uwe na unyevu bila kutota.

Sasa subira. Baada ya wiki chache macho yatafumbuka na majani mapya yatatoka, nawe utadhani kazi imekwisha. Bado. Kipande kile kina akiba ya chakula ndani ya mti wake, na majani hayo yanakula akiba hiyo huku chini hakuna hata mzizi mmoja. Ukihamisha wakati huo, ndani ya siku chache majani yote yatalegea. Mizizi huchukua wiki 6 hadi 10, na hapa kwetu, mita 1,850 hivi juu ya bahari, baridi ya Julai huichelewesha zaidi. Kisumu, kwenye joto la ziwa, huwahi. Usiung'oe kuangalia, mizizi yake ni myembamba na hukatika upesi. Chungulia matundu ya chini ya mkebe: ukiona nyuzi nyeupe zimetokeza, uko tayari. Siku ya kuhamisha pasua mkebe, na bonge la udongo liingie shimoni zima bila kutikiswa.

Aina zenye rangi iliyorundikana tabaka kwa tabaka ni kaidi, vipande vyake vingi hukauka hata ukifuata yote haya. Hizo mimi huzilaza: nachagua tawi la chini linaloinama, nachuna kipande cha gamba upande wa chini, nalifukia hapo na kulibana kwa jiwe, ncha ikiwa nje. Mama yake analilisha muda wote huo. Mvua ndefu za Machi ndizo nzuri kwa kazi hii, na tawi halikatwi mpaka ulivute kidogo likatae kuja.