Mtoto akitumwa sigara, muuza duka afanye nini?

Katika maduka yetu ya mitaani hapa Tanzania, mteja anayesumbua zaidi si kijana anayejifanya mkubwa. Ni mtoto wa miaka tisa aliyetumwa na baba yake: sukari nusu kilo, chumvi, sigara mbili. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na kwangu mimi anayepokea sigara mkononi ndiye mnunuzi, hata kama atakayeivuta yuko nyumbani.

Mpe sukari na chumvi kama kawaida. Hela ya sigara ifunge peke yake kwenye karatasi, andika juu yake "sigara: aje mkubwa", kisha mpigie mzazi kabla mtoto hajaondoka. Usiiruke simu hiyo. Mtoto akirudi bila mzigo na bila maelezo huambiwa amechezea hela, akachapwa kwa kosa lisilo lake. Wala usimfokee, maana ametumwa. Bango la dukani liseme hivi: "Hatuuzi sigara wala pombe kwa aliye chini ya miaka 18, hata akitumwa." Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayokuokoa na ugomvi wa jirani.

Kwa kijana, usitegemee ndevu wala sauti. Maduka mengi ya Uingereza humdai kitambulisho kila anayeonekana chini ya miaka 25, na utaratibu huo unafaa hapa pia: jicho hushindwa kutofautisha miaka 17 na 19, lakini 17 na 26 huzitofautisha.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kila asubuhi andika kwenye kipande cha boksi tarehe ya leo ukiwa umeondoa miaka 18. Tuseme leo ni 14 Machi 2026: andika 20080314. Tarakimu nane za mteja zikizidi hapo, hajatimiza. Kosa linalorudiwa sana ni kutoa mwaka kwa mwaka: 2026 kutoa 2008 ni 18, basi anauziwa, kumbe kazaliwa Novemba na bado ana 17.

Namba ya kutajwa kwa mdomo, au ya kwenye ujumbe wa simu, haitoshi. Haina sura, na mtu anaweza kutaja ya kaka yake. Kadi ya mpiga kura ina picha, lakini isome tarehe: anayeandikishwa ni hata yule atakayetimiza 18 kufikia siku ya kupiga kura, kwa hiyo kabla ya uchaguzi mwenye kadi anaweza kuwa na 17.

Duka lenye nondo na taa ya ndani tu lina shida yake. Usiku mteja anakuona vizuri, wewe unaona kivuli na mkono wenye noti. Weka taa nje, juu ya dirisha.

Nashauri pia kuacha kuuza sigara moja moja. Najua faida yake na najua wateja wataulizia, lakini bei ya sigara moja inalingana na hela ya mwanafunzi ya kula shuleni, na maandishi ya onyo yanabaki kwenye pakiti yako asiyoiona.

Mwisho ni huyo unayemwachia duka. Mdogo wako wa miaka 14 hawezi kumdai kitambulisho kijana wa mtaani aliyemzidi miaka mitatu. Atauza ili yaishe. Ukitoka, funga sigara na pombe kabatini uondoke na ufunguo. Gundi ya viatu na petroli ya chupa ziweke humo humo, kwa kuwa kuna watoto wanaozinusa walewe.