Ulikamatwa kwenye maandamano? Usingoje kesi ya jinai iishe

Tangu maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha nchini Kenya, kauli moja nimeisikia hadi imenichosha: "Wakili, nilikuwa nangoja kwanza kesi yangu iishe." Anayeisema huwa amefurahi. Mashtaka yameondolewa, na sasa anataka fidia ya siku alizolala selo. Naangalia tarehe aliyokamatwa, moyo unanishuka.

Wengi wanaamini kwamba huwezi kudai ulikamatwa bure kabla hakimu hajakusafisha. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Kifungu cha 3 cha sheria ya ukomo wa madai dhidi ya mamlaka za umma, Sura ya 39, kinakupa miezi 12 kuishtaki serikali kwa madhara kama haya. Ungekuwa unamshtaki jirani yako, ungekuwa na miaka 3. Mimi huhesabu kuanzia siku ya kukamatwa. Wapo wanaohesabu kuanzia siku ya kuachiliwa, lakini sitaki mteja wangu awe wa kuijaribia hoja hiyo. Kesi ya jinai haisimamishi muda huo, wala malalamiko uliyopeleka IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi. Na kwa jinsi kesi za waandamanaji zinavyotajwa na kuahirishwa, mwaka hukatika kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa.

Chanzo cha mkanganyiko ni kuchanganya madai mawili. Kukamatwa na kuzuiliwa kinyume cha sheria ni dai moja. Kushtakiwa kwa hila ni lingine. Hilo la pili ndilo linalongoja kesi ya jinai iishe, na iishe kwa faida yako. Tena humo wewe ndiye unayebeba mzigo: uonyeshe kuwa mashtaka hayakuwa na msingi wa kuridhisha na kwamba aliyeyaanzisha alikuwa na nia mbaya. Nia mbaya ni ngumu mno kuthibitisha. Mashtaka yakiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, unaweza kushtakiwa upya, na mawakili wa serikali watakuambia kesi yako haijaisha. Katika dai la kuzuiliwa, ukishathibitisha kwamba polisi walikuzuilia, ni wao wanaopaswa kueleza sababu halali. Kwa hiyo watu wanaliacha dai jepesi life wakilisubiri lililo gumu! Hili ndilo linaloniuma zaidi.

Kuna ombi la kikatiba chini ya ibara ya 22 na 23, ambalo halijawekewa ukomo. Waliosikia hivyo hulala usingizi. Jaji atakuuliza kwa nini ulichelewa, na anaweza kulitupa ombi akiona ni dai la kawaida lililovishwa Katiba.

Dhana nyingine potofu ni nyepesi kuzijibu. "Nimeachiwa huru, basi nilikamatwa kinyume cha sheria." Si lazima. Ukamataji hupimwa kwa sababu alizokuwa nazo afisa wakati ule. Lakini hata ukamataji halali huharibika ukizuiliwa kupita saa 24 bila kufikishwa kortini. Ibara ya 49 inaruhusu kusogeza hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata, ndiyo maana aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kufikishwa Jumatatu bila sheria kuvunjwa.

"Hatukuwa na kibali." Hakuna kibali kinachohitajika. Ibara ya 37 inalinda maandamano ya amani bila silaha, na Sheria ya Utulivu wa Umma inataka notisi tu, kati ya siku 3 na 14 kabla.

"IPOA itanilipa." IPOA huchunguza maafisa na kutoa mapendekezo. Hukumu ya fidia hutoka mahakamani. Peleka malalamiko kote kuwili, kwa wakati mmoja.

"Alifunika uso, simjui jina." Anayeshtakiwa kwa niaba ya serikali ni Mwanasheria Mkuu. Unachohitaji ni kuonyesha walikuwa polisi, na walikuzuilia kituo gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Kwa hiyo omba nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), tunza hati ya mashtaka na karatasi za bondi, na kama ulipigwa, jaziwa fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako. Andika saa hizo siku unayotoka, kwa mkono wako. Baada ya wiki mbili hakuna anayezikumbuka sawasawa, na wakili wa serikali atakuhoji juu ya kila moja.

Na ukishinda, usitarajie dalali akamate Land Cruiser za polisi. Mali ya serikali haikamatwi. Unachukua cheti cha amri ya mahakama na kukiwasilisha kwa serikali. Wasipolipa, unarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha afisa mhasibu wa wizara alipe. Huchukua muda, na ni kesi nyingine kabisa.